Mboga Yenye Jina la Mbuni

Mbuni mnamjua. Huko Kanada, nchi ya baridi, hakuna mbuni wa porini. Lakini kuna mmea wenye jina lake. Ni kangaga kubwa, lenye majani marefu kupita meta moja, yafananayo na manyoya ya mbuni.

Twende basi tukalitazame katika jimbo la New Brunswick, kando ya mto Saint John. Wenyeji wa asili huuita mto huo Wolastoq, nao hujiita Wolastoqiyik, maana yake watu wa mto mzuri. Wakati wa baridi nchi yote hufunikwa na theluji. Mwezi wa Aprili theluji huyeyuka, mto hufurika, na maji yakipungua huacha tope lenye rutuba ukingoni. Hapo ndipo kangaga hupenda kuota.

Mmea huu hautoi maua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi laini sana liitwalo spora, litokalo katika majani ya pekee, ya rangi ya kahawia, yanayosimama wima hata katika theluji. Mwezi wa Mei machipukizi hutokeza ardhini, yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Hayo ndiyo mboga. Wenyeji waliyala tangu zamani, na wageni waliotoka Ulaya wakajifunza kwao. Hata leo watu hushuka mtoni na vikapu, wengine kwa chakula cha nyumbani, wengine kwa kuuza.

Lakini mboga hii ina masharti mawili. La kwanza ni kuipika sana. Mwaka 1994, katika jimbo la New York na magharibi ya Kanada, watu wengi walikula machipukizi yasiyoiva, wakatapika na kuhara. Sumu yenyewe haijatambulikana. Kwa hiyo mama wa nyumba huyaosha vizuri, huyachemsha dakika 15, na maji yake huyamwaga.

Sharti la pili ni kutochuma yote. Kila shina hutoa machipukizi machache tu. Yakikatwa yote, mmea hudhoofika, na ukitendewa hivyo mwaka hata mwaka, hufa. Porini hakuna askari wa kumhesabia mchumaji. Ni yeye na dhamiri yake. Mwenye busara huchuma mawili matatu, akayaacha mengine yakunjuke kuwa majani. Mwakani atarudi, naye atayakuta. Wahenga walisema kweli: akiba haiozi.