Mji wa kusomea na mji wa kuzeekea



Sisi wa darasa la sita, jioni tukingoja kengele, tuko na mabishano moja tu: mji gani unapita mingine, Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi? Nilifikiri ni mchezo wa maneno. Lakini likizo iliyopita mabishano hayo yaliingia nyumbani kwetu.

Baba anamaliza kazi mwaka huu. Kwetu ni Likasi. Alituita wote, akauliza: tubaki hapa, ao tuuzishe lupango, twende fasi ingine?

Kaka yangu alisimamia Kolwezi. Alisema pale ndipo makuta inatembea. Shaba na kobalti vinachimbwa kila upande, na tangu 2015 ni mji mkubwa wa jimbo la Lualaba. Hata ukiuzisha bukari na samaki barabarani, wanunuzi hawakosi. Baba akajibu kwamba fasi yenye makuta mingi, nyumba ya kupanga nayo inapanda bei. Tena akakumbusha mtaa wa Kasulo, kwenye watu walivumbua madini chini ya malupango yao mwaka 2014, wakachimba mashimo mpaka ndani ya nyumba. Akasema, "Mzee hawezi kulala juu ya shimo."

Mimi nilisimamia Lubumbashi. Nilihesabu sababu kwa vidole: hospitali kubwa, masoko, tena mpaka wa Kasumbalesa uko karibu kilometa 90, kwenye malori yanapita kutoka Zambia na Afrika ya Kusini. Kwa mfanyabiashara ule ni mlango. Baba akasema mlango unafungwa pia: mwezi wa 8 mwaka 2024 Zambia iliufunga siku chache, na malori yakasimama. "Kule kila kitu ni kununua, mpaka majani ya sombe. Hapa mama yenu iko na shamba."

Mama alikuwa anatwanga sombe, hajasema kitu. Mwishoni akaniangalia: "Weye mutoto, unachagula muji ya kusomea. Shiye tunatafuta muji ya kuzeekea."

Nilisikia haya sana, juu alisema kweli. Katika vidole vyangu vyote sikutaja Chuo Kikuu, lakini ndicho nilichotaka. Wazazi wakihamia Lubumbashi, nitasoma nikilala nyumbani, bila kulipa chumba. Mimi mkubwa wa wanafunzi, ninayeandika majina ya wenye kusema uongo, nilifunika tamaa yangu kwa jina la hospitali.

Usiku sikulala mbio. Nilifikiri juu ya Likasi yetu. Ni kweli, kijana anatafuta kazi pale mpaka viatu vinaisha. Ndiyo maana wakubwa wetu wengi walikwenda Kolwezi, na siwalaumu. Lakini siku Baba alipopatwa na malaria usiku, nani alimbeba? Majirani. Walikuja bila kuitwa mara mbili, mmoja na kitoroli chake. Kule tunakotaka kwenda, nani atajua hata jina lake?

Nikakumbuka Lutu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Aliinua macho, akaona bonde lenye maji mengi, akachagua. Aliangalia udongo, hakuangalia watu atakaoishi nao. Sisi pia tunachagua hivyo.

Baba hakuuzisha lupango. Kaka amekwenda Kolwezi peke yake, na ni vizuri, yeye ana nguvu. Mimi, Mungu akipenda nipate diploma, nitaomba fasi kwa shangazi Lubumbashi, na nitamsaidia kazi za nyumba.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jioni tukianza tena mabishano yetu, tuulizane kwanza: mji mzuri kwa nani, na kwa kufanya nini? Na anayejibu aseme pia yeye mwenyewe anatafuta nini.

Bwana awabariki wote.