Muuza Vitamu wa Maskati na Biskuti za Tabora

Biskuti za oti zimeingia Tabora na zimepata wenyeji. Zinaokwa nyumbani kwa oda, zinauzwa kwenye vikopo vya plastiki, na kila anayezioka atakwambia zina afya kuliko za dukani kwa sababu ndani yake mna nafaka nzima, asali na karanga. Sina ugomvi na biskuti zenyewe. Ugomvi wangu ni na historia mbili zinazoandamana nazo. Ya kwanza ni ya vijana: kwamba kuoka nyumbani kulianza na simu, na kabla ya hapo bibi zao hawakujua ila ugali na viazi vya kukausha, yaani matobolwa na michembe. Ya pili ni ya watu wazima ambao walipaswa kujua zaidi: kwamba kila kitamu cha Tabora kililetwa na misafara kutoka Bagamoyo, kwa hiyo biskuti nazo ni urithi wa Waarabu, sawasawa na miembe. Lakini kokwa la embe husafiri mfukoni, likaanguka, likaota lenyewe. Biskuti inataka unga laini, mafuta, kitu cha kuitia utamu, na moto unaotoka juu na chini kwa pamoja. Vitu hivyo vinne havikupata kukutana katika nyumba ya mtu wa kawaida wa Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, mpaka reli ilipofika, na ushahidi mzuri kuliko wote ni maisha ya mtu mmoja ambaye kuuza vitamu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mtu huyo ni Snay bin Amir, wa kabila la Harthi. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, tarehe 7 Novemba 1857, yeye ndiye aliyewapokea na kuwatunza. Burton hakuwa mwepesi wa kusifu watu, lakini Snay alimsifu kurasa kwa kurasa: mtu mrefu, mwembamba, msomaji wa vitabu, mwenye kumbukumbu kali, aliyemfundisha habari za nchi na lugha zake. Katikati ya sifa hizo ametupia jambo moja kwa haraka, nalo ndilo linalonishughulisha: kwamba miaka kama 16 nyuma, Snay alianza maisha yake Maskati akiwa mtengeneza vitamu. Si mwana wa sultani, si nahodha. Mtu wa sukari, samli na moto. Alipokutana na Burton alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika bara. Tuyasome maisha hayo kama hesabu. Fundi wa vitamu anafika mji unaokua, wenye Waomani waliozoea halua na kahawa, wenye asali tele msituni, wenye ng'ombe wa kutoa samli. Asingeweza kufungua duka la vitamu? Hakuna anayesema alifungua. Aliacha ufundi wake pwani, akashika biashara iliyolipa. Alikufa katika vita vya Waarabu na Mtemi Mnywa Sele, mwanzoni mwa miaka ya 1860.  

Sababu haikuwa uvivu wala ladha. Sababu ilikuwa mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, ambazo ni kilo 32 hivi. Burton alitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone na kukimbiza watu wake, alitumia 84 mwaka 1871. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, chini kidogo ya kilo moja: tuseme robo tatu, na tukitaka kuwa wabahili zaidi tushuke kidogo. Hata kwa mwendo wa Stanley, mtu aliyebeba kilo 32 za sukari angekuwa amekula zaidi ya kilo 50 za mtama, mawele au mahindi kabla hajautua mzigo wake. Merikani, kaniki, shanga na masango vilivumilia gharama hiyo kwa sababu vilirudi pwani vikiwa pembe. Sukari isingerudi kuwa kitu. Mvua moja ya Ugogo ingeimaliza, na unga wa ngano ungeingia wadudu kabla ya nyika ya Mgunda Mkali. Njia ile, ambayo tunapenda kuisifu siku hizi kwa kusambaza kila kitu, ilikuwa chujio kali kuliko daraja: ilipitisha chepesi cha thamani, ikaacha kingine chote nyuma.

Nitaambiwa: lakini ngano ilikuwepo. Ni kweli. Stanley anaandika kwamba Waarabu wa Tabora na Kwihara walilima ngano kidogo kuzunguka matembe yao kwa matumizi yao wenyewe, pamoja na machungwa, ndimu, mapapai, vitunguu na nyanya. Anaeleza pia jinsi alivyokaribishwa kwa liwali Said bin Salim, mtu yuleyule aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Burton miaka 14 kabla, akakuta chai inamiminwa kutoka birika la fedha na vibibi vinafuka mvuke chini ya kifuniko cha fedha. Picha hiyo inanukuliwa sana na wanaotaka kututambulisha Tabora ya ustaarabu. Sawa, vibibi vilikuwepo. Lakini soma tena: ngano kidogo, kwa matumizi yao wenyewe. Na aliyesaga ngano hiyo na kusimama mbele ya moto hatajwi, kwa sababu kazi za jikoni katika matembe yale zilikuwa za watumwa. Chakula kinachopikwa na mtu asiyeruhusiwa kukila hakiwi urithi wa mji. Kinakuwa siri ya ua mmoja. Siku tembe linapobomoka, kinaondoka nalo. Matembe yale karibu yote yamebomoka. Lililobaki la kutembelewa ni la Kwihara, alikokaa Livingstone baada ya Stanley kumwacha Machi 1872, na hilo nalo limejengwa upya.

Na asali je? Hapa ndipo ubishi unapokuwa mtamu. Misitu ya miombo kutoka Sikonge mpaka Urambo imejaa nyuki, na mizinga ya magome na magogo imening'inia humo kabla ya msafara wa kwanza. Mtu atauliza vipi watu wenye asali, karanga na mawele wasioke kitu kinachofanana na biskuti hizi zinazosifiwa leo. Jibu ni kwamba asali ilikuwa na kazi nyingine, na kazi ya heshima. Ilikuwa dawa, ilikuwa zawadi ya kupeleka ukweni, na zaidi ya yote ilikuwa wanzuki, pombe ya asali. Karanga zilikwenda kwenye mboga, au zilikaangwa na kutafunwa njiani. Nafaka iligeuka ugali, uji au pombe. Jiko lilikuwa mafiga matatu, na mafiga yanachemsha na kuchoma. Hayaoki, kwa sababu hayana moto wa juu. Sioni upungufu wowote hapo. Ni upishi uliokamilika bila kuhitaji biskuti, na ni dharau kudai kwamba nao lazima uwe ulikuwa nayo ndipo tuuheshimu.

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku, na ile hesabu ya posho ikafa palepale. Kuanzia hapo kinaingia dukani kila kitu ambacho Snay asingeweza kukiagiza kwa faida. Wanaolikumbuka duka la Mhindi la miaka ya 1930 mpaka 1950 hawaanzi na sura ya mwenye duka. Wanaanza na harufu. Gunia la unga wa ngano lililofunguliwa mdomo, sukari guru, mdalasini, bizari, sabuni ya mche, na juu ya vyote mafuta ya taa, kwa sababu pampu ilikuwa pembeni ya mizani na mkono uliopima mafuta ndio uliochota unga. Sukari ilifungwa kwenye koni ya gazeti kuukuu lenye maandishi ya Kigujarati, ikakunjwa juu kwa kidole kimoja, na haikumwagika. Mfuko wa plastiki uliokuja baadaye ulipasuka kabla hujafika stendi. Reli ya Mwanza ilipokamilika 1928, Tabora ikaungana na ziwa, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Kisumu na reli ya nchi ya ngano ya Kenya. Halafu kuna debe. Mafuta ya taa yalikuja kwa debe, na debe tupu likawa tanuri: linalazwa ubavu, linatiwa mchanga chini, linawekwa juu ya mkaa, na mkaa mwingine unapaliwa juu yake. Asiye na debe alitumia sufuria yenye kifuniko bapa. Moto wa juu ukapatikana, na biskuti ya nyumbani ya Tabora ikazaliwa kwenye nyumba za reli, za misheni na za shule, mikononi mwa wapishi wa kuajiriwa ambao jioni walirudi mitaa ya Ng'ambo na Kanyenye na ujuzi kichwani. Biskuti yao ilikuwa nene, ngumu kidogo, ya kuchovya kwenye chai. Haikuwa nzuri machoni. Ilidumu kwenye kopo wiki mbili bila kuchacha, sifa ambayo biskuti za vikopo vya leo, laini kama pamba, haziwezi kudai hata siku ya nne.

Kuna kipande cha historia hii ambacho hakuna mtu anakisema akizungumzia kuoka, nacho ni Urambo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kule Kongwa na baadaye kuingia Urambo na Nachingwea, ulitokana na njaa ya mafuta ya kula: Uingereza baada ya vita ilikosa mafuta ya kupikia na ya kutengenezea siagi ya kopo. Yaani ardhi ya kilomita 90 hivi magharibi ya Tabora ilitifuliwa kwa matrekta ili mwoka biskuti wa London apate cha kulainishia unga wake. Mpango ulivunjwa 1951 baada ya kumeza pauni zisizopungua milioni 36, na Urambo ikaachiwa tumbaku. Mkulima wa Kinyamwezi, ambaye karanga zake zilikuwa zinaota vizuri kwa jembe la mkono kabla, wakati wa na baada ya mpango ule, alitazama tu. Kinachoudhi ni kwamba leo karanga hizohizo, zikisagwa na kuwekwa kwenye chupa yenye jina la kigeni, ndizo zinazoandikwa kwenye mapishi ya biskuti za oti kama kitu cha kuagiza.

Miaka iliyofuata inajulikana. Chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa Tabora kiliundwa 1962, na asali ikaanza kupata soko la nje lenye mpangilio. Ikaja miaka ya foleni, unga wa ngano na sukari vikawa vya kibali, na debe likarudi kuwa la maji. Kisha soko likafunguliwa, biskuti za pakiti kutoka viwandani zikajaa kila genge, na kuoka nyumbani kukaonekana ushamba. Sasa kumerudi kupitia simu, na oti ndani yake.

Nitapingwa kwamba oti ina faida ya kweli, na sitabisha: ina aina ya nyuzinyuzi inayoyeyuka ambayo husaidia kupunguza lehemu kwenye damu. Lakini oti ni zao la nchi za baridi. Haikubali joto la Tabora, na kila kopo la Quaker linalofunguliwa mtaa wa Ipuli limesafiri njia ndefu kuliko pembe za Snay, likielekea upande wa pili. Nitaambiwa pia kwamba hakuna mbadala, kwa kuwa mtama na mawele havishikani. Hapo ndipo wapishi wanapotazama pasipo. Hata oti haishikani kwa nguvu zake kama unga wa ngano. Kinachoifunga biskuti ya oti ni mafuta, yai, na sukari inayoyeyuka ikiiva kisha kuganda ikipoa. Ndiyo maana ikitoka motoni ni teketeke, na ukiigusa mapema inavunjika. Fungo hilohilo litashika mtama. Unga wa mtama una chembe, kwa hiyo uchanganywe na asali na maziwa kidogo na kuachwa nusu saa unywe, kabla ya kutiwa samli na yai. Ule mtafuno ambao watu wanaupenda kwenye oti hupatikana kwa karanga zilizokaangwa na kutwangwa kinuni mara chache tu, zibaki vipande. Asali inawahi kuwa kahawia kuliko sukari, basi mkaa wa juu upunguzwe karibu nusu, na wa chini uachwe ulivyo. Wanaolalamika kwamba biskuti ya mtama ni chungu wametumia mtama mwekundu, wa pombe, ambao ganda lake lina uchungu unaowakimbiza ndege. Mweupe hauna tabu hiyo.