Fundi Aliyekataa Kufungua CPU Bila Mwenyewe

Walipobomoa vibanda vya kando ya barabara pale senta ya Kabianga, kile cha fundi wetu wa kompyuta kilienda pamoja na cha kinyozi na cha mama wa chapati. Fundi mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, na kibanda kilikuwa kimekaa miaka kikiuza kadi za simu na viatu vya plastiki, kwa hiyo hakuna aliyekililia. Nilikuwa nimesimama nikitazama mabati yakipakiwa kwenye pikapu. Binti wa jirani yangu, anayesoma mwaka wa pili hapo Chuo Kikuu cha Kabianga, akaniuliza: "Mwalimu, kwani yule mzee alikuwa akitengeneza nini kwenye kompyuta? Si ikiharibika unanunua nyingine?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana mvua ilikuwa inakaribia. Jibu refu ni hili.

Kompyuta yetu ya kwanza ilinunuliwa kwa bonasi ya chai. Mwaka wenyewe nilikuwa nikiuweka 1999. Lakini nakumbuka vizuri kile kilima cha kijani kwenye kioo chake, na kilima kile kilikuja na Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001. Basi ama tuliinunua baada ya hapo, ama ilianza na Windows 98 na fundi akaibadilisha baadaye. Mke wangu anasema ni mwaka aliomzaa kitindamimba wetu, na kwa hesabu hiyo hatupati 1999 wala 2001. Tuliache hilo. Ilikuwa Oktoba, kwa sababu bonasi hulipwa Oktoba.

Kile kilima kilizua mjadala sebuleni kwetu. Kila mgeni alitaka kujua ni shamba la nani. Jirani mmoja, aliyechuma chai tangu ujana wake, alishikilia kwamba ni mashamba ya chai ya upande wa Chagaik na kwamba picha ilipigwa asubuhi kabla wachumaji hawajaingia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ilipigwa na Charles O'Rear mwaka 1996, kando ya barabara katika wilaya ya Sonoma, California, nchi ya mizabibu. Sijawahi kumwambia yule jirani. Kwetu sisi ilikuwa chai, na ndiyo sababu mashine ile haikutuogofya.

Vijana hawawezi kujua kompyuta ya mezani ilivyokuwa na mwili. Kioo kilikuwa na mgongo mrefu, kizito kiasi cha kuhitaji meza ya mbao ngumu. Ukipitisha mkono karibu nacho baada ya kukizima, malaika walisimama. CPU ilikaa chini, sanduku la rangi ya maziwa, nayo ilivuma tangu unapoiwasha hadi unapoizima. Mke wangu aliifumia kitambaa cheupe chenye ncha za bluu, sawa na vile vya makochi, na kila jioni ilifunikwa.

Ilikuwa na harufu pia. Vumbi la barabara yetu ni jekundu, na lilipoingia ndani likapashwa moto na vyuma vile, lilitoa harufu kavu, kama ya pasi iliyoachwa juu ya kitambaa. Upepo ukivuma kutoka kiwandani, ilichanganyika na harufu ya majani mabichi yanayonyaushwa, ile harufu tamu yenye uchachu kidogo ambayo kila mzaliwa wa Kericho na Bomet anaijua kabla hajajua kusoma. Mpaka leo nikipita kando ya kiwanda usiku nakumbuka mitihani ya muhula wa pili. Niliichapa yote kwa kompyuta ile.

Nayo mitihani ilikuwa vita. Huku kwetu mvua huja mchana, saa nane au saa tisa, na mara nyingi huja na mawe na radi. Stima hupotea radi ya kwanza inapolia. Watoto wetu walifundishwa kuchomoa plagi ukutani kabla ya kufundishwa kuwasha mashine yenyewe. Mimi nilijifunza kubonyeza Ctrl na S kila nimalizapo sentensi, na vidole vyangu bado hufanya hivyo hata pasipo haja. Stima ilipopotea kwa ghafla, aya uliyokuwa ukiiandika ilikwenda nayo. Iliporudi, ilirudi kwa kishindo, na hapo ndipo hitaji la fundi lilipoanza.

Fundi alikuwa amefanya kazi miaka mingi upande wa umeme katika kiwanda cha chai. Mota za mashine za kusaga majani, feni za vitanda vya kunyaushia, swichi kubwa za ukutani, hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Alipostaafu alifungua kibanda cha kutengeneza redio na pasi, na kompyuta zilipoanza kuonekana senta hakuona sababu ya kuziogopa. Alisema feni ni feni. Ungemletea CPU, angeichomeka, angeinamisha kichwa na kusikiliza kwanza. Feni inayokwaruza aliijua kabla hajashika bisibisi. Mlio mrefu unaojirudia ulimwambia ni RAM. Angechomoa kile kipande chembamba, asugue meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akirudishe mahali pake kwa vidole gumba viwili, na mashine ingewaka. Tarehe ikirudi nyuma miaka mingi kila unapowasha, alijua betri ya duara kwenye ubao imekwisha. Kijana wetu mmoja aliwahi kusogeza ile swichi nyekundu ya nyuma kutoka 230 hadi 115, mlipuko ukasikika mpaka jikoni. Fundi alitoa sanduku la umeme lililoungua, akaenda nyuma ya kibanda kwenye rundo lake la CPU zilizokufa, akarudi na jingine.

Sharti lake lilikuwa moja: mwenye mashine hakuruhusiwa kuondoka. "Mwalimu, kaa hapa," alikuwa akiniambia, akinisukumia kreti ya soda iliyopinduliwa. "Ukienda, sifungui." Awali nilidhani anaogopa kusingiziwa wizi wa vipuri, maana huko mjini watu walilalamika kwamba mashine iliyoingia na RAM mbili hutoka na moja. Baadaye nilielewa kwamba alitaka tuone. Kila alichokigusa alikitaja na kukieleza: hiki kinakumbuka kwa muda, hiki kinahifadhi, hiki kinapooza, hiki kinagawa umeme. Jumamosi wavulana wa shule walijaa mlangoni pake, na aliwapa zile mashine zilizokufa wazifungue na kuzifunga mpaka mikono ijue. Baadhi yao leo wanaishi kwa kazi hiyo, Nairobi na kwingineko. Hakuwatoza chochote. Kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kipsigis alikuwa akisema mtu asiyejua kilicho ndani ya mali yake, hiyo mali si yake.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Nyaya za intaneti zilifika Mombasa mwaka 2009, na mwaka huohuo Kabianga ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Machi 2013 tukapewa hati ya chuo kikuu kamili, na senta yetu, iliyojulikana tangu 1925 kwa sababu ya shule ya wavulana, ikajaa wanafunzi na saiba. Flashi zikaja na virusi vyake, zile folda zinazogeuka kuwa njia za mkato. Windows Vista tuliiruka. Microsoft iliacha kuitunza XP Aprili 2014, na fundi akaendelea kuitunza yeye. Windows 7, kisha 10. Kioo chembamba kikachukua nafasi ya kile chenye mgongo. Fundi akaugua, kibanda kikafungwa.

Waliomrithi hawakurithi kazi yake. Hili linaniudhi na sitalificha. Saiba za leo ni za kujaza fomu: marejesho ya kodi Juni ikiisha, maombi ya mkopo wa masomo, cheti cha tabia njema. Hizo ni kazi za heshima na zinahitajika. Lakini mpelekee kijana wa saiba mashine iliyogoma, jibu ni moja: "Hiyo tuiformati." Hajasikiliza feni wala hajafungua skrubu hata moja. Picha za arusi, tasnifu, hesabu za majani ya chai za miaka kumi, vyote vifutwe kwa sababu hakuna aliyetaka kujua tatizo liko wapi.

Nilihamia Mac kwa sababu ya stima. Binti yangu ndiye aliyenishawishi. Tuliinunua imetumika, kwenye duka la ghorofani huko Moi Avenue, Nairobi, MacBook Air yenye chipu ya M1 ambayo Apple ilianza kuitoa Novemba 2020. Bei yake ingeniletea ng'ombe mzuri wa maziwa, na nyumbani nilikumbushwa jambo hilo. Lakini alasiri ya kwanza radi ilipolia na kijiji kizima kikaingia gizani, niliendelea kuandika. Niliandika mpaka usiku. Kesho yake stima haikuwa imerudi, na mashine bado ilikuwa na chaji. Kwa mtu aliyepoteza kazi nyingi kwa radi za Kericho, hilo peke yake lilitosha.

Haivumi. Ile Air ya M1 haina feni hata moja, na wiki za kwanza mke wangu aliifunika akidhani imezimwa. Mazoea mengine yalichukua muda. Ctrl ya zamani hapa ni Command, kando ya kitufe kirefu cha nafasi, kwa hiyo kidole gumba ndicho kinachofanya kazi ya kidole kidogo. Ukibonyeza kidoa chekundu dirisha linafungwa, lakini programu yenyewe inabaki ikifanya kazi. Diski yangu ya nje, iliyoandaliwa kwa mtindo wa Windows, ilisomeka vizuri ila ikakataa kuandikwa chochote, mpaka nilipohamisha kila kitu na kuiandaa upya kwa exFAT inayokubalika pande zote mbili. Nikialikwa kuzungumza na wanafunzi nabeba kipande cha kuunganishia, kwa kuwa projekta nyingi za madarasani bado zinataka ule waya wa VGA wenye pini kumi na tano na Mac ina matundu mawili madogo tu. Haya yote mtu huyazoea. Mwaka 2023 Apple iliupa mfumo wake jina la Sonoma, ile ile wilaya ya kilima chetu, na nilifurahi kukutana nacho tena upande wa pili.

Kisha mvua ya mawe ikatoboa bati la chumba changu cha kuandikia, na matone yakaingia kwenye kibodi. Mashine ilipona, ila safu nzima ya herufi ikafa. Kwa kompyuta ya zamani ningekwenda dukani, ninunue kibodi nyingine, na jioni niwe kazini. Hapa nilianza kwa kuigeuza. Skrubu za chini ni za nyota ya ncha tano, na bisibisi niliyoachiwa na yule fundi wa senta haikuingia hata moja. Mjini Kericho nilipouliza hawakutaka kuigusa. Nairobi walinieleza kwamba kibodi imepigwa ribiti nyingi kwenye bamba la juu, hivyo hubadilishwa na bamba lake zima. Kwamba betri imegundishwa humo. Kwamba RAM imo ndani ya pakiti moja na chipu, na hifadhi imechomelewa kwenye ubao. Ubao ukifa, umekufa na vyote vilivyomo. Fundi aliyeifanya kazi alikuwa hodari, sina neno naye. Lakini aliifanya nyuma ya ukuta, nami nikasubiri upande wa wateja nikitazama televisheni.

Mwaka 2022 Apple ilianza kuwauzia watu vipuri na kuwapa miongozo ya kujitengenezea, kwanza Marekani, kisha Ulaya. Ingefaa huduma hiyo ifike huku, kwa kuwa sisi ndio tunaotumia mashine mpaka herufi za kibodi zifutike. Kazi yangu naifanya vizuri zaidi leo kuliko nilivyoifanya wakati wowote, na sirudi kwenye CPU. Ila kwa sharti la yule mzee, hii ninayoiandikia si yangu.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Mashine nyingi zilizoko shuleni, saiba na majumbani mwetu haziwezi kupokea Windows 11 rasmi, kwa kuwa inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Wenye skrepu wataanza kupita wakizinunua kwa kilo, kama wanavyonunua mabati na mabomba. Nawaomba wasomaji wa Kabianga, Litein, Sotik na Bomet: msiwauzie. Zinakubali Linux bila gharama na zitachapa barua na mitihani miaka mingine mingi. Na ile iliyokufa kabisa, pelekeni shule iliyo jirani nanyi pamoja na bisibisi ya msalaba, watoto waifungue. Yule binti wa jirani nimempa CPU yangu ya zamani, naye amekwisha kuifungua ubavu.