Ya kahawia, daku na futari



Ndugu zangu, leo nawasimulia kosa langu mwenyewe.

Mama yangu ana pumu, na miaka na miaka kapika kwa kuni na makumbi hapa Pemba. Daktari alimpa dawa mbili za kuvuta kwa mdomo, ya buluu na ya kahawia. Mwaka jana mwezi ulipoandama nikamwambia, "Mama, hizi ziweke mpaka Idi, tusijitie kwenye shaka." Nilijiona nalinda saumu yake. Kumi la kati lilikuwa halijaisha, usiku tukambeba kwa gari ya jirani, hawezi kumaliza hata neno moja. Alhamdulillah, alirudi.

Muuguzi aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Ustadh, ya kahawia aliivuta lini mara ya mwisho?"

Basi nawe sikiliza nilichofunzwa. Ya buluu, salbutamoli, hufungua njia za hewa kwa dakika chache, na baada ya saa 4 hadi 6 imekwisha kazi. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo haiutibu. Unaotulizwa na dawa ya pili, beklometasoni au budesonidi, ndio huo uvimbe. Nayo haina haraka, huchukua siku, hata wiki. Ukiivuta huhisi kitu, ndiyo maana watu huiacha wakisema wameshapona. (Rangi hutofautiana, soma jina.)

Na wengi huandikiwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Yaani daku na futari! Mama hakuwa na haja ya kuikosa hata siku moja. Ukishavuta, sukutua uteme, usije ukaota utando mweupe kinywani. Wewe unayetawadha mara tano, hilo si geni kwako.

Ya buluu mchana? Wanazuoni wamekhitilafiana. Sheikh Ibn Uthaymin alisema haibatilishi saumu, wengine wanasema inabatilisha. Ukibanwa, vuta. Aliyeshika kauli ya pili atalipa siku yake, na mgonjwa ameshapewa ruhusa katika Baqara, aya ya 185.

Mwaka huu ya kahawia inakaa kando ya sahani ya tende. Mimi ndiye ninayempa. Juzi kanicheka: "Ustadh leo anafutarisha kifua."