Upande wa Pili wa Bawa

Mjomba wangu alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliiweka barazani mwa duka moja mtaani Kibera, akishona sare za shule kila Januari, na miezi mingine akipunguza suruali na kubadilisha zipu. Sijui ni nani aliyelipeleka jina lake ng'ambo ya barabara ya Lang'ata, katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, lakini alasiri moja aliitwa huko, akaonyeshwa kiunzi kirefu cha mbao chenye mbavu nyingi na kuulizwa kama angeweza kukivisha nguo. Kiunzi hicho kilikuwa bawa.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na likizo ilikuwa ndefu kuliko mfuko wangu. Nikamfuata mjomba niwe msaidizi wake.

Ndege yenyewe ilikuwa Tiger Moth, aina iliyoruka kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1931 na kuundwa zaidi ya 8,000, nyingi zikitumiwa kuwafunza marubani wa kijeshi. Ina mabawa juu na chini, ya mbao zilizovikwa kitambaa, na viti viwili visivyo na paa, kimoja nyuma ya kingine. Wenyewe walikuwa wanne, walioinunua kwa kuchangishana: daktari wa meno, mkulima wa chai kutoka Limuru, mwalimu mstaafu wa hisabati, na dada mmoja aliyekuwa rubani wa ndege za kukodi, ambaye siku za mapumziko alikuja tena uwanjani kana kwamba hakutosheka. Nakiri kuwa mwanzoni niliwatazama kwa jicho la husuda. Petroli ya saa moja ya kujifurahisha angani ingenilisha kwa majuma kadhaa, na mimi nilikuwa nikila githeri mara mbili kwa siku. Hata leo sijaona sababu ya kuiomba radhi husuda hiyo.

Hata hivyo, kuna jambo nililoliona mapema. Tiger Moth haina kifaa cha kuwashia injini. Mtu mmoja hukaa ndani, na mwingine husimama mbele ya rafadha, lile panga la mbao lililo puani mwa ndege, akalizungusha kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya kuligusa huuliza kama swichi imezimwa, naye aliye ndani hujibu kuwa imezimwa. Viganja huwekwa bapa, vidole visizunguke ukingo wa panga, na mara tu injini inapokohoa aliyezungusha huwa amekwisha kurudi nyuma. Jibu moja la uongo, au la kutojali, na mkono umekwenda. Isitoshe, ndege hii haina breki, hivyo siku ya upepo mtu hutembea kando yake ameshika ncha ya bawa mpaka ifike pa kurukia. Marubani wa ndege kongwe hupendana, ni kweli, lakini nilivyoona mimi hawana hiari sana katika jambo hilo.

Uwanja huo una historia yake. Umepewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, na Klabu ya Urubani ya Afrika Mashariki ina umri mkubwa zaidi, kwani ilianzishwa mwaka 1927. Enzi hizo urubani wa kujifurahisha ulikuwa wa walowezi. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada mnamo Septemba 1936, akienda kinyume cha upepo, kwa ndege aliyoazimwa na rubani mwenzake, John Carberry. Habari hizo zinajulikana. Wachache humkumbuka Arab Ruta, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyemsaidia kutunza farasi na baadaye ndege, naye Markham amemtaja katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night. Mimi humfikiria Ruta kila nisomapo kuhusu safari za mabibi na mabwana wale. Ndege ya mbao daima ina watu wengi kuliko inaowabeba.

Turudi kwenye ushonaji. Bawa husimamishwa kwa ubavu wake, mshonaji mmoja huku na mwingine kule, kitambaa kikiwa kati yao kama pazia. Wa kwanza huchomeka sindano ndefu yenye uzi uliopakwa nta. Wa pili huipokea, akaizungusha ubavu wa mbao na kuirudisha. Mnazungumza siku nzima bila kuonana nyuso. Fundo hufungwa upande mmoja tu, na kila fundo hujikaza lenyewe, ili moja likikatika mengine yasifumuke. Ndege ikiwa angani, hewa ipitayo juu ya bawa hukivuta kitambaa, na ni mafundo hayo yanayokizuia kisiinuke mbavuni. Mshono ukiisha hufunikwa kwa utepe, kisha dopu hupakwa, dawa yenye harufu ya kulevya inayokikaza kitambaa kikalia kama ngoma.

Upande wa mafundo ulikuwa wa mjomba. Baada ya juma la pili macho yake yalianza kutokwa machozi, tukabadilishana. Alinifundisha fundo lile kutwa nzima kwa kamba ya katani kabla ya kuniachia uzi. Tangu hapo yeye aliiona sindano tu ikija na kwenda. Kilichofanyika upande wangu hakukiona.

Ijumaa moja jioni nilichoka. Vidole vilikuwa vimechubuka, na rafiki zangu walikuwa wakinisubiri mjini. Katika ubavu wa saba nilifunga mafundo sita ya kawaida, yale ya kamba ya viatu. Kwa macho yalifanana na mengine. Mhandisi mwenye leseni alikagua, akaridhika, utepe ukabandikwa, dopu ikapakwa. Nikaenda mjini.

Majuma matatu nilinyamaza. Nilijiambia kwamba sita kati ya mamia si kitu. Kisha nikamsikia mkulima wa Limuru akisema kwamba ndege ikiruka, wa kwanza kupanda kiti cha mbele atakuwa fundi, maana aliyeshona ana haki ya kuuona mshono wake ukifanya kazi. Mjomba alicheka kwa haya, akauliza kama avae koti.

Siku mbili kabla ya safari hiyo nilikwenda kwenye banda la ndege, nikawaeleza wote wanne mbele ya mjomba. Nilitarajia matusi. Mwalimu mstaafu aliniuliza swali moja tu: "Ubavu wa ngapi?" Nilipomjibu, alitoa kisu mfukoni akaupasua utepe. Alivuta kwa kidole kimoja. Mafundo matatu yaliteleza na uzi ukalegea.

Mjomba hakusema neno. Wale wanne walimwita mhandisi, wakaamua bawa zima lifunguliwe, kisha wakaagiza chai. Na pale, wakiwa wameketi juu ya makopo ya rangi, walianza kusimulia makosa yao. Daktari aliwahi kuruka bila kurudisha kifuniko cha tangi. Dada yule, akiwa bado mwanafunzi, alifuata barabara isiyo yake hadi akapotea, na alipotua hakujua atamwambia nini mwalimu wake, akamwambia kweli. Hakuna aliyecheka isipokuwa msimulizi mwenyewe alipotaka kuchekesha. Waliyasimulia kwa utulivu, kila mmoja akieleza alikosea wapi hasa, kama watu wanaogawana chakula. Baadaye nilitambua kwamba hawakufanya hivyo kunifariji. Ilikuwa ada yao.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, mjomba alinena mara moja. "Mpwa wangu, shati likifumuka, mwenyewe huona haya. Lile lingefumuka…" Hakumaliza. Siku tatu hakunituma chochote. Siku ya nne alinitupia kamba ya katani akasema nifunge.

Ushonaji ulituchukua mwezi mwingine mzima, sehemu yake mimi nikikosa mihadhara. Ndege iliruka alfajiri, kwa kuwa Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 na hewa yake nyepesi huinyima nguvu injini ya nguvu za farasi 130, hasa jua likichomoza. Mjomba alipanda akiwa amevaa koti. Aliporudi alikuwa akitabasamu, masikio yamemwekundu kwa baridi, na aliposhuka aliniashiria nikae pale alipokuwa.

Dada yule alikuwa kiti cha nyuma. Tulipopita juu ya mbuga, twiga wakiwa wadogo kama vibiriti, sauti yake ilinijia kupitia mpira wa kuzungumzia, "Umeuona?" Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nikiyahesabu mafundo chini ya utepe wa ubavu wa saba, na nilipofika mwisho nilianza tena.