Mwaka Mmoja wa Kuutafuta Ukoo

Mtu aliyelelewa mjini akiulizwa kwao ni wapi, aghalabu hutaja wilaya. Mimi nami hujibu hivyo hivyo: baba ni mtu wa Masasi, mama ni mtu wa Newala. Jibu hilo latosha kazini na katika kujaza fomu. Mbele ya wazee wa uwanda wa juu wa Makonde halitoshi hata kidogo, kwa kuwa wao hawaulizi wilaya, wanauliza litawa, yaani ukoo anaourithi mtu kwa mamaye. Kwa desturi ya Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua na Wayao, majirani zao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba.

Mwaka jana binti yangu alipoposwa, wazee wa upande wa pili waliuliza swali hilo, maana kwa mila watu wa litawa moja hawaoani. Wajomba walijibu kwa niaba yetu, nami nikanunua daftari la shule ili niandike yote kuanzia bibi mzaa mama kwenda nyuma. Nilidhani kazi hiyo ingekuwa ya likizo moja. Ilichukua mwaka mzima, na safari nne za basi kutoka Dar es Salaam.

Somo la kwanza lilihusu majina. Katika nchi ile mtu huzaliwa na jina la utotoni, akaliacha unyagoni na kutoka na jina jingine, kisha akapata la tatu kwa ubatizo au kwa Uislamu. Ndugu saba wa bibi niliotajiwa na wazee mbalimbali, nilipowapanga vizuri, walikuwa wanne tu. Tangu hapo sikumwuliza mzee yeyote, "Aliitwa nani?" Niliuliza, "Nani alimwitaje, na lini?"

Somo la pili lilihusu miaka. Wazee hawakuhesabu kwa tarakimu, bali kwa mambo yaliyotokea. Bibi, waliniambia, alizaliwa mwaka ambao Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala kutoka kwa Wajerumani, kisha wakafukuzwa. Mambo hayo yalitukia mwaka 1916. Kadhalika yapo Majimaji ya 1905, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, ambako watu wengi waliacha mahame yao na makaburi ya wazee wao. Nilipelekwa kwenye hame letu. Pamebaki miembe miwili na mikorosho iliyozeeka, na kila mti una mtu aliyeupanda.

Jambo lililonikalia moyoni zaidi nililipata kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye amekwisha pita miaka 80. Anaishi Newala, karibu na ukingo wa uwanda, mahali unapotazama chini bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Nilimsomea majina niliyoyaandika hadi nikafika kwa bibi yake bibi yangu. Hapo akaniambia niweke kalamu chini. "Huyo hakuzaliwa huku," alisema. "Huyo aliletwa kutoka Unguja."

Ili msomaji aelewe, yafaa nikumbushe historia kidogo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, wakizidi 50. Safari ilikusudiwa kuelekea Nyasa, lakini watu wale walifanya makao Masasi, chini ya milima ile ya mawe. Mwaka 1882 Wagwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea, waliivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Baadhi ya walionusurika walipanda Newala, wakapata hifadhi kwa Matola, mkuu wa Wayao wa huko.

Kwa masimulizi ya mama mkubwa, bibi yule alikuwa miongoni mwao, mwanamke kijana asiye na mama, asiye na mjomba, asiyekumbuka ukoo wake. Katika nchi ambayo ukoo ni wa mama, mtu wa namna hiyo hana pa kusimama. Mwanamke mmoja wa Kimakonde alimpokea, akamwita mdogo wake, akamwingiza katika litawa lake. Litawa hilo ndilo tunalolitaja mpaka leo.

Mjomba mkubwa aliposikia kwamba nimeyaandika hayo alikataa kabisa. Hoja yake haikuwa ndogo. Neno "mtumwa," alisema, halizeeki, na mtu akikosana nawe atalichimbua. Tena iko mikorosho tuliyoirithi kwa litawa hilo. Je, akitokea mtu wa kudai kwamba sisi si wa damu? Na posa ya mtoto haijakamilika.

Tulikaa kikao, nasi tulizungumza hadi usiku. Nilimkumbusha mjomba kwamba wako waliosimulia habari zao wenyewe bila kujificha: wavulana wa shule za misheni, waliokombolewa kama bibi, waliandika maisha yao katika kitabu kiitwacho Kiungani, kilichotolewa mwaka 1887. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa vile vile, alipata upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, akaenda kuhudumu Chitangali. Mjomba alisikiliza, asiguswe sana. Aliyemgusa ni dada yake.

"Zamani huku juu hapakuwa na maji," mama mkubwa alisema. "Wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi kichwani jua likiwa kali. Mtu hagawi maji ya namna hiyo kwa mgeni. Alipogawiwa, ugeni uliisha. Leo nani aturudishe nyuma?"

Tuliafikiana hivi: daftari libaki na habari zote, lihifadhiwe na mjomba, kwa wakwe tutaje litawa letu, kwa kuwa ni letu, na binti aambiwe yote na mama mkubwa mwenyewe kabla ya harusi. Binti alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: jina alilopewa na mamaye huko kwao lilikuwa lipi? Hakuna aliyejua. Katika daftari, mahali pa jina hilo niliacha mstari mtupu.

Wenzangu tunaofanya kazi mijini, tuendapo likizo tubebe kalamu pamoja na sukari na vitenge. Tuwaulize wazee asubuhi, wangali na nguvu, wala tusiwahoji kama polisi. Tuwaulize akina bibi kwanza, kwani wao ndio waliowaosha watoto na wafu, nao wanajua nani alitoka kwa nani. Na tukikuta katika nasaba zetu mtu aliyepokelewa, tusimfute. Mti wa nasaba wa kwetu umeshikwa na mizizi miwili, wa damu na wa wema, na hakuna aliyehai leo katika ukoo wetu awezaye kuing'oa mmoja akabaki amesimama.