Ukitaka nyota za Unguja, iweke simu chini

Mji Mkongwe una mwanga mwingi usiku. Taa za Forodhani na za hoteli huficha nyota, hata ukiwa juu ya paa. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme. Shida ilikuwa kubwa, ila giza lilitanda hadi mjini. Leo giza zuri utalipata pwani ya mashariki, Jambiani au Makunduchi, usiku usio na mbalamwezi.

Simu itakusaidia kutambua unachokiona. Pakua programu kama Stellarium, elekeza simu angani, nayo itakutajia majina. Ikikosea upande, izungushe hewani kama unaandika namba 8 ili dira yake ijirekebishe.

Tatizo ni mwanga wa kioo chake. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kutazama simu kidogo tu hukurudisha nyuma. Washa rangi nyekundu iliyomo kwenye programu, punguza mwanga, soma jina, kisha iweke simu chini. Kama mtoto hujikwaa gizani wakati wenzake wanaona, mpeleke kituo cha afya. Huenda amepungukiwa vitamini A.

Kuanzia Novemba, mapema usiku, tafuta upande wa mashariki kishada kidogo cha nyota. Simu itaandika Pleiades. Mwambie mtoto hicho ni Kilimia, jina lililotokana na kulima, kwani wazee walikitazama kujua majira ya shamba.